Magurudumu mepesi ya kaboni ya kupandia milima: ulipie nini, uache nini

Mkwea Soni · #1

Wakuu, salaam.

Naomba tulipige jambo hili hesabu kabla mtu hajatoa hela, kwa sababu bei zake zinauma. Nafuu kidogo ipo kwa watengenezaji wa China wanaouza moja kwa moja. Majina makubwa ni ghali zaidi. Ukigusa chapa ya Lightweight ya Ujerumani ndiyo usiseme, na hapo usafiri na ushuru bado.

Hali ilivyo: baiskeli ya breki za diski, ekseli 12x100 mbele na 12x142 nyuma, kaseti (meno ya gia za nyuma) ya Shimano ya gia 11. Mpandaji kilo 68. Ukijumlisha baiskeli, chupa na vifaa tunafika kilo 78. Magurudumu yaliyopo ni ya alumini, gramu 1,650 bila tairi.

Njia ni Mombo–Soni–Lushoto. Kama kilomita 33, unaanzia mita 400 na kitu, unamalizia karibu 1,400. Lami ipo, lakini ina viraka, na mvua ikinyesha mawe hushuka barabarani.

Nimekwama kati ya mbili: ringi ya kina (kimo chake kutoka kwenye tairi kuelekea spoki) cha mm 33 yenye gramu 1,300 kwa seti, au ya mm 50 yenye gramu 1,450. Na je, mdomo wa ringi uwe na kulabu au usiwe nayo? Karibuni.

Hesabu Kwanza · #2

Mkuu, umefanya vizuri kuweka namba. Tuanze na mteremko wenyewe, maana watu husema "mlima" kana kwamba milima yote ni sawa.

Mita 1,000 kwa kilomita 33 ni asilimia 3 kwa wastani. Kwa wati 250 na kilo 78 utapanda kwa karibu kilomita 25.7 kwa saa. Kwa kasi hiyo upepo unakula kama robo ya nguvu yako. Sasa chukua mlima wa asilimia 6, kilomita 20, kwa wati zile zile: kasi inashuka hadi 17, na zaidi ya asilimia 85 ya nguvu inakwenda kuuinua mzigo. Hiyo ni michezo miwili tofauti.

Kuondoa gramu 350 (kutoka 1,650 hadi 1,300):
– asilimia 6: unaokoa wati 1. Kwenye kilomita 20 ni sekunde 16 hivi katika dakika 70.
– asilimia 3: wati 0.8. Mombo hadi Lushoto ni sekunde 10 hivi katika dakika 77.

Sasa mm 33 dhidi ya mm 50. Tuchukue kwamba ringi ya mm 50 inaokoa wati 6 kwa kilomita 45 kwa saa. Nguvu ya kupambana na upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo kwa 25.7 zinabaki wati 1.1 na kwa 17 zinabaki 0.3. Gramu 150 za ziada za ringi hiyo zinakugharimu wati 0.4 hivi, kwenye milima yote miwili. Kwa hiyo kwenye Lushoto mm 50 inashinda kidogo hata wakati wa kupanda. Kwenye asilimia 6 zinakaribia kulingana. Ni kuanzia asilimia 7 au 8 kwenda juu ndipo ringi nyembamba inapata haki yake kamili.

Na sasa namba ambayo wauza magurudumu hawaipendi. Tairi lenye mgawo wa msuguano wa kubiringika (ukiwa mdogo, tairi linakwenda kwa urahisi zaidi) 0.005 ukilibadilisha kwa lenye 0.003, unaokoa wati 7 kwenye ule mlima wa asilimia 6, na wati 11 kwa kasi yako ya Lushoto. Hiyo ni mara saba hadi kumi na tatu ya faida ya magurudumu, kwa bei ya matairi mawili.

Kerio Juu · #3

Hesabu nzuri, ndugu, ila umesahau kitu. Uzito wa ringi unazunguka, na uzito unaozunguka huhesabika mara mbili. Huku kwetu, ukitoka Bonde la Kerio kupitia Tambach hadi Iten, kona ni nyingi: unapunguza, unainuka kwenye tandiko, unaongeza. Kila ukiongeza, ringi nzito inakurudisha. Tena kila ukikanyaga pedali kuna kuongeza na kupunguza kidogo kidogo. Kwa mlima kama ule mimi nasema mm 33, hakuna mjadala.

Hesabu Kwanza · #4

Kerio Juu, kwenye mm 33 kwa njia yako tuko pamoja. Sababu ndiyo siikubali.

Mara mbili ni kweli, lakini ni wakati wa kuongeza kasi tu. Ukipanda kwa kasi ileile, gramu ya ringi na gramu ya chupa ni sawa kabisa. Hebu tuipime hiyo kona: unatoka kilomita 15 kwa saa hadi 25. Mzigo mzima wa kilo 78 unahitaji kama juli (kipimo cha nishati) 1,200. Gramu 300 zilizoko kwenye ringi, zikihesabiwa mara mbili, zinahitaji juli 9. Ukilifanya hilo kwa sekunde 5, ni wati 240 kwa mzigo wote, na chini ya wati 2 kwa zile gramu 300.

Na ile ya kila pedali: nishati uliyoiweka kwenye gurudumu wakati wa kukanyaga haipotei, inarudi gurudumu linapoendelea kukusukuma mguu ukiwa juu. Unachokihisi ukibadilisha magurudumu ni halisi, baiskeli inayumba kwa wepesi ukiwa umesimama, lakini saa haitaonyesha tofauti kubwa.

Fundi Spoki · #5

Naona wote mmetaja gramu. Mimi nataka kuongelea mdomo wa ringi, maana hapo ndipo mtu huanguka.

Ringi yenye kulabu ina ukingo mdogo kwa ndani unaoushika mdomo wa tairi. Isiyo na kulabu ukuta wake umenyooka. Tairi linashikiliwa na ukubwa sahihi wa ringi na mdomo wa tairi usiotanuka. Mtengenezaji hupenda isiyo na kulabu kwa kuwa ni rahisi kuitoa kwenye umbo, na ukingo wake ni mnene, hivyo hustahimili shimo. Ila masharti yake hayana msamaha:

Presha isizidi baa 5, yaani psi 72.5. Hata wakati wa kulikalisha tairi mara ya kwanza, ile ya "jaza hadi lipige mlio" isipite hapo.

Tairi liwe la tyubulesi (linaloweza kutumika bila tyubu) na liwe limeidhinishwa kwa ringi hizo, hata kama ndani utaweka tyubu. Tairi la kawaida la tyubu mdomo wake hutanuka, nalo litatoka.

Upana ulingane. Kwa ringi yenye upana wa mm 25 kwa ndani, kanuni za ETRTO (shirika la Ulaya la viwango vya matairi na ringi) zinataka tairi la mm 29 au zaidi. Si 28. Watu wengi wana ringi za mm 25 na matairi ya 28, na wanashuka mlima nayo. Februari 2024, kwenye mbio za UAE Tour, mwendesha baiskeli wa kulipwa Thomas De Gendt alianguka na picha zikaonyesha tairi limetoka kwenye ringi isiyo na kulabu. Tangu hapo mjadala wa upana na presha haujazima.

Mpandaji wa kilo 68 anaishi vizuri chini ya baa 5. Mwenye kilo 95 anayependa tairi la 28 asiziguse ringi hizo. Achukue yenye kulabu.

Kwa mifano: Roval Alpinist CLX II ina kulabu, kina mm 33, upana wa ndani mm 21, gramu 1,265. Campagnolo Hyperon Ultra ni kina mm 37, ndani 21, gramu 1,240. Enve SES 2.3 haina kulabu, mm 28 mbele na 32 nyuma, karibu gramu 1,200. Zipp 353 NSW haina kulabu, kina mm 45, ndani mm 25. Kwa barabara yenye viraka na duka la matairi lililo mbali, mimi namshauri mtu yenye kulabu, kwa sababu siku tairi likikatika utafunga lolote utakalolipata.

Mkwea Soni · #6

Fundi, asante sana. Kwa kilo 68 na tairi la 28, unaweka presha gani? Na tyubulesi au tyubu za TPU (zile nyepesi za plastiki)?

Fundi Spoki · #7

Kwa ringi ya ndani mm 21 hadi 23: nyuma baa 4.5, mbele 4.2. Ukipanda hadi tairi la 30, nyuma 4.0 na mbele 3.8. Usishuke zaidi ya hapo kwa barabara yenye mashimo. Ringi nyepesi ya kaboni haipindi kama alumini: tairi likibanwa hadi chini kwenye shimo, ukingo unapata ufa, na ufa huo haunyooshwi kwa nyundo. Mwisho wa ringi.

Kuhusu tyubu: ile ya kawaida ya butili ni gramu 100 hivi, ya TPU 25 hadi 40. Kwa magurudumu mawili umeondoa zaidi ya gramu 120 kwa bei ndogo sana. Ukiwa bado unakusanya hela ya ringi, anzia hapo leo hii.

Tyubulesi nayo ni nzuri kwa miiba midogo na vipande vya chupa. Hatua zake:

1. Safisha ringi kwa spiriti, pasibaki mafuta ya kiwandani.
2. Tepu iwe pana kuliko ndani ya ringi kwa mm 2. Ivute kwa nguvu, zungusha mara moja kwa upana mzuri, mwisho ulalie mwanzo kwa sentimita 10, mbali na tundu la valvu.
3. Toboa kwa ncha yenye moto, si kwa kisu. Kisu huacha mkato unaochanika.
4. Vaa tairi, ukimalizia kwenye valvu. Jaza bila dawa ya kuziba kwanza, uone kama mstari wa ukingo wa tairi uko sawa duara zima.
5. Toa kiini cha valvu, tia dawa ya kuziba mililita 30 hadi 40, rudisha, jaza, zungusha na kulaza gurudumu pande zote mbili.

Dawa hukauka. Kwa joto la Mombo au Tanga usingoje miezi sita; fungua kila baada ya miezi mitatu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni tepu nyembamba: hewa inapita chini yake, inatokea kwenye matundu ya spoki, halafu mtu analaumu tairi.

Kimihurura · #8

Nawasalimu kutoka Kigali. Nyongeza moja. Mbio za dunia za Septemba 2025 zilipokuja hapa, elite wanaume walikuwa na kilomita 267.5 na kupanda zaidi ya mita 5,400. Mlima wa Kimihurura una mawe, kilomita 1.3 kwa asilimia 6 na kidogo. Mur de Kigali ni mita 400 kwa asilimia 11, nayo ya mawe. Pamoja na vilima vyote hivyo, hakuna aliyelazimika kuwa na ringi ya mm 28. Kuna kushuka, kuna tambarare, na UCI, shirikisho la dunia la baiskeli, haikubali baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Timu ikishafika uzito huo, gramu ya ziada ya kuondoa haina kazi, hivyo wanaitumia kununua kina cha ringi.

Kwa sisi ambao baiskeli zetu ni kilo 8, gramu bado zina kazi. Ila kwenye mawe ningetazama tairi la 30 kwanza.

Dada Kaseti · #9

Jamani, hakuna aliyemuuliza Mkwea Soni kuhusu frihabu (sehemu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, inayobeba kaseti), na yeye amesema gia 11! Huo ndio mtego.

Kaseti ya Shimano ya barabara ya gia 12 inaingia kwenye frihabu ya zamani ya HG ya gia 11. Kinyume chake hapana: kuna frihabu mpya za gia 12 pekee, na kaseti ya 11 haiingii. Magurudumu ya Dura-Ace C36 ya R9270 ni hivyo hivyo. Mazuri, mm 36, yana kulabu, bea zake za vikombe unaweza kuzifungua na kuzipaka grisi mwenyewe, lakini ni ya gia 12 tu. Ukinunua ukiwa na gia 11, umenunua na mfumo mzima wa gia. Mwenye gia 12 za SRAM anataka frihabu ya XDR, mwenye Campagnolo za sasa ya N3W. Mwandikie muuzaji jina la frihabu, usimwandikie "ya Shimano" tu.

Pili, kaka, kaseti yako ina meno mangapi? Kwenye kipande cha asilimia 10, kwa wati 250, utakwenda kilomita 11 kwa saa. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma unakanyaga mara 88 kwa dakika. Ukiwa na 36 kwa 30 unakanyaga 73, na goti linajua tofauti. Kaseti ya 11-34 ina uzito zaidi ya ile ya 11-28, na bado itakufikisha juu ukiwa mzima zaidi kuliko gurudumu lolote.

Kerio Juu · #10

Dada Kaseti umesema kweli tupu. Na mimi nakubali hesabu ya juli, nimeirudia mwenyewe, iko sawa.

Niongeze la upepo na kushuka. Gurudumu la mbele ndilo linalosukumwa na upepo wa pembeni. Kwenye ukingo wa bonde upepo hupanda kwa mikupuo, na mm 50 mbele kwa mtu mwepesi inataka mikono iliyozoea. Unaweza kuchanganya: mbele 33 au 35, nyuma 50. Hasara ni ndogo na usukani unatulia.

Kwa wenye breki za ringi bado mpo: tafadhali msishuke milima mirefu na ringi nyepesi za kaboni za matairi ya kawaida. Joto la kusugua hulainisha resini (gundi inayoshika nyuzi za kaboni), presha ya tairi inausukuma ukuta wa ringi nje, ringi inavimba na breki inaanza kushika kwa vipigo. Ukilazimika, tumia raba za breki za kaboni pekee, ambazo hazijawahi kugusa ringi ya alumini (vipande vya alumini hunasa ndani yake na kuchora kaboni), usitumie tyubu za lateksi wala TPU, na funga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona kisha achia. Kuishika breki kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakoua ringi. Kwa njia ya kupanda na kushuka, kwa breki za ringi, alumini nzuri ndiyo jibu.

Fundi Spoki · #11

Spoki na habu, maana ndizo zitakazokurudisha kwa fundi.

Spoki za kaboni zinapunguza gramu 80 hadi 100 kwa seti na zinakakamaza gurudumu. Uliza swali moja: ikikatika moja, inabadilishwa? Zilizogandishwa kwenye ringi na habu kama kitu kimoja hazibadilishwi. Gurudumu zima linarudi kiwandani. Zenye nipeli hubadilishwa, lakini spoki yenyewe inauzwa na mtengenezaji peke yake. Sapim CX-Ray au DT Aerolite ni chuma, gramu 4 na kitu kila moja, na fundi yeyote makini atazipata. Omba urefu wa spoki zote kwa maandishi na ununue mbili mbili za kila urefu siku hiyo hiyo.

Nipeli, vile vidude vya kukazia spoki kwenye ringi: kwa anayekaa pwani achukue za shaba. Alumini ikikaa karibu na kaboni kwenye hewa ya chumvi huliwa, na siku moja inapasuka ukiikaza. Shaba inaongeza gramu 30 hivi kwa spoki 48. Zilipe kwa moyo mmoja.

Bea: tafuta habu zenye namba za kawaida kama 6902 (15x28x7), unaikuta duka lolote la bea. Za seramiki zinaokoa sehemu ndogo ya wati, na vumbi likishaingia faida imekwisha.

Mkwea Soni · #12

Wakuu, nimeelewa. Nimebadili mpango: ringi zenye kulabu, ndani mm 21 hadi 23, mbele mm 35 na nyuma 50, spoki za chuma, nipeli za shaba, frihabu ya HG inayopokea gia 11. Jumla itakuwa kama gramu 1,430. Matairi ya mm 28 ya mashindano na TPU nanunua sasa, magurudumu baadaye. Yakifika nikague nini kabla ya kufunga?

Fundi Spoki · #13

Uchaguzi mzuri, na nipeli zako zitadumu.

Yapime kwenye mizani yakiwa na tepu na valvu. Gramu zilizoandikwa mara nyingi ni bila hivyo, tofauti ya 20 hadi 30 ni ya kawaida. Linganisha namba ya ringi na ya kwenye risiti, kisha iandikishe kwa mtengenezaji, kwa sababu dhamana ya kuvunjika kwa ajali kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza tu. Soma kikomo cha uzito, na uangalie kama ni cha mpandaji peke yake au pamoja na baiskeli.

Pitisha kidole na tochi kwenye ukingo wote wa ndani. Nyuzi zilizotokeza, kishimo au mstari mweupe, usifunge tairi. Piga picha, rudisha. Zungusha: ringi isicheze zaidi ya mm 0.3 kushoto na kulia. Gonga spoki za upande mmoja moja baada ya nyingine, mlio ukaribiane. Yenye mlio mzito imelegea. Upande wa kaseti hukazwa kwa kilo 120 hivi, ila namba ya kufuata ni ile ya ringi yako, na ukitaka uhakika tumia kipimo cha mkazo.

Kaseti ikazwe Nm (nyutoni-mita, kipimo cha ukazaji) 40, kifungo cha diski cha Center Lock Nm 40, ekseli namba iliyoandikwa juu yake, mara nyingi 10 hadi 15. Diski ya mbele iwe mm 160 kwa kushuka Soni. Endesha kilomita 200, kisha rudia kugonga spoki zote, hasa za nyuma upande wa kushoto, kwa sababu mkazo wake ni mdogo na ndizo hulegea kwanza.